Kuiunda Upya Kazi Uliyoajiriwa: Ongeza Kabla ya Kupunguza

Kila kazi ya kuajiriwa ina sura mbili. Moja imeandikwa: cheo, majukumu, saa za kuingia na kutoka, jina la msimamizi. Nyingine haijaandikwa popote, nayo ndiyo inayofanyika Jumatatu hadi Ijumaa: nani huulizwa kwanza mambo yakikwama, barua ipi hujibiwa asubuhi na ipi husubiri, mteja mkali hupelekwa kwa nani. Makarani wawili wa masijala moja, wenye mikataba ya maneno yaleyale, baada ya miaka michache huwa wanafanya kazi mbili tofauti, na mara nyingi hakuna kati yao aliyekaa chini kuamua iwe hivyo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuamua. Hauhusu kuacha kazi wala kutafuta nyingine. Unahusu kuishika hiyo uliyonayo na kuigeuza kwa kadiri inavyowezekana ili isikuumize. Una dai moja utakaloliona likijirudia: unapoigeuza kazi yako, anza kwa kuongeza, si kwa kupunguza. Kwa mtu aliyechoka dai hili linasikika kama dhihaka, kwa hiyo halina budi kutetewa.

Wengi wetu tunaamini kwamba kinachommaliza mfanyakazi ni wingi wa kazi. Wingi unachosha, hakuna ubishi. Lakini mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alitoa hoja kwamba wingi peke yake hauelezi madhara. Hatari kubwa ipo pale kazi nyingi inapomkuta mtu asiye na kauli juu ya namna ya kuifanya. Uingereza palikuwa mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo. Kuanzia mwaka 1985 watafiti walioongozwa na Michael Marmot waliwafuatilia watumishi wa umma 10,308 wa ofisi za serikali jijini London, kuanzia makarani na wahudumu wa ofisi hadi maofisa wa ngazi za juu kabisa. Hawa hawakuwa mafukara, wala hawakuvuta moshi wa kiwandani au vumbi la mgodini. Hata hivyo wa ngazi za chini walipata maradhi ya moyo zaidi ya wakubwa wao, na taarifa zilizochapishwa mwaka 1997 zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo iliambatana na uhuru mdogo wa kuamua mambo ya kazi. Mkubwa ana mafaili mengi kuliko karani wake, lakini ndiye anayeamua lipi lifunguliwe kwanza.

Uhuru wa namna hiyo hautolewi na mwajiri peke yake. Kiasi fulani mfanyakazi hujitwalia mwenyewe. Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, nao wa Marekani, waliandika makala iliyolipa jambo hili mahali pake katika utafiti wa kazi. Mfano wao mashuhuri ni wafanya usafi wa hospitali. Baadhi waliieleza kazi yao kuwa ya kufagia na kupiga deki, isiyohitaji ujuzi, na walijiepusha na watu. Wengine, wenye kazi ileile, walifanya mambo ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote: walizungumza na wagonjwa na jamaa zao, waliwaelekeza wageni waliopotea, walipanga usafi ufuatane na shughuli za wauguzi. Hawa walisema kazi yao inahitaji ujuzi mkubwa na ni sehemu ya kumponya mgonjwa, na waliipenda zaidi. Kwetu, ambako ndugu wa mgonjwa ndiye anayekimbia kati ya maabara na dirisha la dawa, mfanya usafi anayejua njia na anayekubali kuulizwa ana thamani ambayo hakuna mkataba unaoitaja. Kutokana na mifano kama hiyo waandishi hao walitaja njia tatu za kuiunda kazi upya: kugeuza shughuli zenyewe, kugeuza uhusiano na watu, na kugeuza namna unavyoitazama kazi. Wanaoyafundisha haya kwenye semina hupenda kuanza na ya tatu kwa sababu haigharimu kitu. Mimi nashauri iwe ya mwisho.

Kabla ya kugeuza chochote, ijue kazi yako ilivyo sasa, na hili huwezi kulifanya kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu ya aliyechoka hukuza yaliyomuudhi. Chukua daftari dogo na kwa wiki moja ya kawaida andika kila shughuli iliyokuchukua zaidi ya robo saa: ilikuwa nini, ilimfaa nani, na ilikuacha vipi, ukiwa na nguvu au umenyong'onyea. Wiki ikiisha, zipange katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale ambayo yameamriwa pamoja na namna ya kuyafanya: vipimo vya dawa, taratibu za fedha, kanuni za usalama, hatua za kukabidhi zamu. Hayo yaache kama yalivyo. Anayeyachezea haundi kazi upya, anavunja kazi. Fungu la pili ni yale ambayo matokeo yake yameamriwa lakini njia ni yako: ripoti iwe mezani Ijumaa, wateja wasikae foleni muda mrefu, wanafunzi wamalize mada kabla ya likizo. Fungu la tatu ni yale ambayo hakuna aliyekuagiza na bado unayafanya, kwa mazoea au kwa sababu aliyekutangulia aliyafanya. Mafungu hayo mawili ya mwisho ndiyo shamba lako. Watu wengi, hata walinzi na madereva wanaodhani kazi yao imefungwa pande zote, huyakuta ni mapana kuliko walivyotarajia. Mlinzi ameamriwa asimame getini. Hakuamriwa awapokee wageni kwa maneno gani, wala daftari la wageni liandikwe vipi ili mwenzake wa usiku alielewe.

Sasa tufike kwenye kuongeza na kupunguza. Watafiti wa Uholanzi, Maria Tims na Arnold Bakker, waliitazama kazi kwa namna tofauti kidogo. Kwao kazi ni mizigo upande mmoja na nyenzo upande mwingine, nyenzo zikiwa ni ujuzi, msaada wa wenzako, maoni ya msimamizi na uhuru wa kuamua. Mfanyakazi anaweza kujiongezea nyenzo za kazi yenyewe, kujiongezea nyenzo kutoka kwa watu, kutafuta changamoto mpya, au kupunguza mizigo inayomkwaza. Kwa akili ya kawaida hiyo ya nne ndiyo ingeleta nafuu haraka. Ushahidi unasema vingine. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2017, uliokusanya sampuli 122 zenye wafanyakazi 35,670, ulikuta kwamba wanaojiongezea nyenzo na changamoto ndio wenye ari na wanaoridhika zaidi na kazi yao, ilhali mkakati wa kupunguza mizigo haukuambatana na faida hizo. Tafiti zilizowafuata watu siku kwa siku kwa shajara zilionyesha picha inayofanana: siku mtu alipotafuta changamoto alikuwa na ari zaidi, na siku alipojikita katika kukwepa alikuwa na ari ndogo.

Kwa nini kukwepa kusitulize? Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba anayepunguza tu hubaki akiwa amekodolea macho kitu kinachomuudhi. Siku nzima anapanga namna ya kutokutana na mteja fulani, na mteja huyo anakuwa mkubwa kuliko kazi yote. Ya pili ni kwamba mzigo hauyeyuki, unahama. Tims na wenzake walipowachunguza wafanyakazi wawili wawili wa ofisi moja walikuta kwamba mmoja akijipunguzia mizigo, mwenzake aliripoti kazi nyingi zaidi na mivutano zaidi baina yao. Ukiacha kupokea simu ya idara, kuna anayeipokea, naye anajua. Kwa hiyo unachookoa kwenye mzigo unakilipia kwenye uhusiano, na uhusiano ni nyenzo. Sisemi usipunguze kamwe. Shughuli za fungu la tatu, zile zisizoagizwa na zisizomfaa mtu, zikate bila huruma: nakala ya tatu ya ripoti isiyosomwa na yeyote, kikao cha kukumbushana kikao. Ila hakikisha kwanza kwamba kweli hakuna anayezihitaji, kwa kuuliza, si kwa kukisia.

Kuongeza nako kuna namna yake. Usiongeze kazi nyingine juu ya kazi. Ongeza ndani ya ile iliyopo. Mhasibu msaidizi anayechoshwa na kuingiza hati za malipo anaweza kuomba afundishwe hatua moja inayofuata, yaani kulinganisha hesabu za benki na za ofisi, kisha aifanye kwa sehemu ndogo anayoiingiza yeye mwenyewe. Muda unaoongezeka si mwingi, lakini sasa anaona makosa yake yanaishia wapi, na akiziona hati zinazorudi kwa kasoro ileile kila mwezi ataweza kuandika maelekezo mafupi kwa idara zinazokosea. Hapo mzigo umepungua kweli, na haukuhamia kwa mtu. Mwalimu wa sekondari mwenye vipindi vingi na madaftari yasiyoisha hawezi kupunguza wanafunzi. Anaweza kupanga na mwalimu mwenziwe wa somo hilohilo wabadilishane: huyu atunge mazoezi ya mada hizi, yule ya zile, kila mmoja achague anazozimudu na kuzipenda. Chagua badiliko moja tu kwa wakati, dogo kiasi kwamba likishindikana hakuna atakayeumia, na ulipe wiki nne kabla ya kulihukumu.

Upande wa watu ndio ambao hupuuzwa zaidi, na pengine ndio wenye faida ya haraka. Mtafiti Adam Grant aliwachunguza wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Michigan waliokuwa wakipiga simu kuomba michango, kazi ya kukataliwa kutwa nzima. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika chache tu na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye muda waliotumia kwenye simu ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 142 na fedha walizokusanya kwa asilimia 171, ilhali waliokosa kukutana naye hawakubadilika. Hakuna aliyebadilishiwa kazi. Walichopata ni kumwona mtu anayefaidika. Wewe usingoje kukutanishwa. Kama unaandaa malipo ya wastaafu, omba siku moja ya kukaa dirishani wanapohudumiwa. Kama unatengeneza ratiba ya magari ya kampuni, panda gari moja hadi mwisho wa njia. Kama unatunza ghala la dawa, fuatana na shehena mpaka zahanati. Ni ombi dogo ambalo ni vigumu kwa msimamizi kulikataa, maana linafanana na bidii.

Watu wa pili wa kuwageukia ni wenzako. Utafiti uliofanywa Marekani na Carrie Leana na wenzake katika vituo 62 vya kulelea watoto, ukachapishwa mwaka 2009, ulitofautisha mlezi anayeunda kazi yake peke yake na walezi wanaoiunda kwa pamoja, kwa kukubaliana wao kwa wao nani afanye nini na vipi. Ubora wa malezi ulikwenda na hao wa pamoja, na waliofaidika zaidi ni wale wasio na uzoefu mkubwa. Hili lina uzito kwa ofisi zetu, ambako anayebadilisha jambo peke yake huitwa mjuaji hata kabla ya kikao cha asubuhi kwisha. Mkikubaliana watatu wa zamu moja kwamba dakika kumi za kukabidhiana ziandikwe kwa mpangilio fulani, hakuna wa kusema unajipendekeza, na mmoja akihamishwa utaratibu haufi naye.

Bado njia ya tatu, ya kubadili namna unavyoitazama kazi, ambayo niliisukuma mwisho. Ina nguvu, wale wafanya usafi ni ushahidi. Lakini tazama mpangilio wa mambo kwao: walikuwa wanazungumza na wagonjwa, wanawaelekeza wageni, ndipo ikawa kweli kwamba wao ni sehemu ya tiba. Maana iliota juu ya matendo. Anayeambiwa ajione kuwa mponyaji wakati haruhusiwi hata kumsalimu mgonjwa anaombwa ajidanganye, na mtu hajidanganyi kwa muda mrefu bila kuchoka mara mbili. Ndiyo sababu siamini semina zinazowataka wafanyakazi wabadili fikra huku kila kitu kingine kikibaki palepale. Ukishageuza shughuli moja na uhusiano mmoja, jiulize tena swali la daftari lako, kazi hii inamfaa nani, na utaona jibu limebadilika lenyewe.

Hapa mtu atauliza kwa haki: je, huu si mpango mzuri wa kumpatia mwajiri kazi ya bure? Mfanyakazi anaongeza ujuzi, anaongeza moyo, anatengeneza taratibu, na mshahara uko vilevile. Pingamizi hili ni zito kuliko mengine yote na halijibiwi kwa kusema kwamba faida ni yako. Mara nyingine si yako. Jibu langu ni kwamba kuunda kazi upya ni dawa ya ugonjwa mmoja, nao ni kukosa kauli. Si dawa ya mshahara mdogo wala ya saa nyingi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusiana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Mtu wa saa hizo hahitaji kuipenda kazi zaidi. Anahitaji kurudi nyumbani. Kwa hiyo jiwekee mpaka huu: badiliko lolote linalokuongezea saa kwa kudumu si la kwako, hata kama ulilibuni wewe.

Pingamizi jingine linahusu cheo. Msomaji wa ngazi ya chini atasema mambo haya ni ya mameneja wenye milango ya kufunga. Justin Berg, pamoja na Wrzesniewski na Dutton, waliwahoji watu wa ngazi mbalimbali na kuchapisha mwaka 2010 jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Wa ngazi za chini walikwazwa na matarajio ya watu wengine, na walijibu kwa kujijengea imani ya wale wenye mamlaka kisha kuwaomba nafasi. Wa ngazi za juu walikwazwa na matarajio yao wenyewe juu ya namna wanavyopaswa kutumia muda, na kwa hiyo mara nyingi waliishia kujibana ndani ya nafasi iliyokuwa wazi. Ukiwa chini, basi, kazi yako ya kwanza ni imani. Usimwendee msimamizi na ombi la uhuru. Mwendee na jambo moja lililokwisha kufanikiwa kwa kiasi kidogo. Mweleze kwa lugha ya shida yake, si ya kuchoka kwako: "Mama, wiki hizi mbili tumejaribu kuwapa wateja namba kwa aina ya huduma, na malalamiko ya foleni yamepungua. Naomba tuendelee hadi mwisho wa mwezi, kisha uone mwenyewe." Akikataa, umepoteza wiki mbili tu. Akikubali, ombi lako la pili litasikilizwa kwa sikio jingine. Ukiwa juu, mkwamo uko kichwani mwako, na daftari la wiki moja litakuonyesha vikao unavyohudhuria kwa sababu tu mtu wa cheo chako huhudhuria.

Msomaji makini atakuwa na shaka ya tatu: huenda wenye furaha ndio wanaoiunda kazi yao, wala si kuiunda kunakoleta furaha. Ni shaka ya kweli. Tafiti nyingi hupima mambo yote mawili kwa wakati mmoja na haziwezi kusema lipi limetangulia. Wapo waliojaribu kwa mafunzo, wakawalinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa. Jaribio moja linalojulikana lilifanywa kwa polisi wa Uholanzi. Mafanikio yalionekana, hasa katika kujiamini na katika hisia za kazini, lakini hayakuwa ya kupigiwa vigelegele. Nachukua kutoka humo kiasi na tahadhari pia: tarajia nafuu, usitarajie kuzaliwa upya. Ukiwa umefikia pale ambapo hulali, au machozi yanakutoka ukikaribia ofisi, daftari na mabadiliko madogo si mahali pa kuanzia. Muone daktari au mshauri kwanza, na omba likizo uliyo na haki nayo.

Lipo jambo la mwisho ambalo huachwa na waandishi wa mambo haya, labda kwa kuwa linanuka sheria kuliko saikolojia. Kazi iliyoundwa upya ikidumu huwa ndiyo kazi. Baada ya mwaka mmoja ile hatua uliyoiongeza kwa hiari itadaiwa kwako kama wajibu, na siku ya tathmini utapimwa kwa karatasi ya zamani pamoja na matarajio mapya. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi yake anapoanza, na inataka maelezo hayo yarekebishwe kwa kushauriana naye yanapobadilika. Sheria hiyohiyo inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina masharti ya jinsi hiyo kuhusu maelezo ya maandishi na mabadiliko yake. Basi kila baada ya miezi sita andika ukurasa mmoja: nilikuwa nafanya haya, sasa nafanya haya, matokeo ni haya. Mpelekee msimamizi, omba aweke saini na tarehe, nakala moja iingie kwenye faili lako na nyingine ibaki nawe. Nafasi ikitangazwa au mishahara ikipangwa upya, huo ndio ukurasa wa kwanza utakaouweka mezani.